Sitini na Kimoja

Mlango wa mama umekuwa mfupi.
Si mlango uliopungua, ni sakafu iliyopanda:
mara tatu tumeijaza kifusi,
mara tatu bahari ikaja kuikagua,
na sasa kila aingiaye huinama,
hata afisa wa kata aliyezoea kuinamiwa.

Hapa pwani ya Demak maji hayapigi hodi.
Ni mpangaji mwenye ufunguo wake.
Mpunga ulikufa kwanza.
Ukafuata mnazi, kichwa kikakauka,
ufagio uliosahauliwa nje.
Tukachimba mabwawa ya kamba;
kamba nao wakaondoka pamoja na kuta.
Kilichobaki ni beluntas,
kichaka cha mama, kimo cha kifua,
majani yenye meno madogo pembeni,
kinakunywa kilekile kilichotufukuza.

Utotoni sikukiheshimu.
Kilikuwa ua tu, pa kuanikia matambara,
na harufu katika viganja vya bibi
aliyemchemshia bi harusi majani yake wiki nzima
asije akaingia chumbani na kikwapa.
"Sura mume ataizoea," alisema,
"harufu haizoeleki."
Mama aliyapika kwa mvuke, yale machanga ya nchani,
akayachanganya na nazi iliyokunwa na pilipili.
Yana uchungu mwishoni,
neno alilolimeza mtu mpole.

Lakini ua huu una kesi.
Mwaka niliofunga Ramadhani yangu ya kwanza
Bwana Darmuji alidai mama ameusogeza usiku,
nusu mita ndani ya shamba lake.
Kamba ya kupimia, mashahidi, barua zenye mihuri;
miaka kumi na minne bila salamu,
hata siku ya Idi
alipita akiziangalia ndala zake.

Mahakama ilimpa mama ushindi mwezi Machi.
Bahari ikakata rufaa mwezi Desemba.

Sasa shamba lake ni maji, letu ni maji,
na katikati umesimama mstari wa kijani,
mpaka baina ya bahari na bahari,
unatoa vimaua vya zambarau iliyofifia
kana kwamba bado kuna cha kutenganisha.

Jumamosi nimerudi kutoka kiwandani Semarang
(nagundisha soli za viatu nisivyoweza kuvinunua)
nikamkuta mama amejipinda matopeni na kisu cha samaki,
anakata vijiti.
Kisiwe kichanga, kisiwe kikongwe.
Urefu wa shubiri, vifundo vinne,
majani yote yang'olewe ila mawili ya juu.
"Chomeka kwa mshazari," ananiambia.
"Kijiti kikisimama wima kinajiona mti."
Siku kumi kivulini. Maji baridi kwanza,
halafu ya chumvi, tone kwa tone,
kama unavyomzoesha mtoto pilipili.
Nusu vitakufa.
Usivililie kabla hujavivuta ukaona mzizi.

Mbele yake, maji magotini,
amesimama Darmuji na gunia tupu.
Tuta la nyuma ya nyumba yake linamomonyoka,
anataka kitu cha kulishika.
Hakusema hivyo. Alisema,
"Mbuzi wangu wanakosa majani."
Mama hakuuliza mbuzi gani.
Kijiji kizima kinajua aliwauza mwaka juzi.

Akahesabu kwa sauti, karani wa korti mtupu,
akivitia guniani kimoja kimoja:
hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini.
Akanyoosha mkono na kimoja zaidi.

"Hiki cha nini?"

"Nusu mita yako."

Darmuji hakucheka.
Gunia alilitupia begani,
kile kimoja akakishika mkononi,
akaondoka akiyapasua maji
polepole, kwa mshazari.